Mafuta, Maji na Kipupwe: Uhakiki wa Tafsiri ya Maagizo ya Kulaza Gari Wakati wa Baridi Kali

UTANGULIZI

Wafasiri wa vitabu vya mitambo aghalabu hulalamika kwamba Kiswahili kina uhaba wa maneno. Malalamiko hayo ni ya siku nyingi, na vyombo vyetu vya lugha vimeyajibu kwa kutoa orodha baada ya orodha: neno la Kiingereza mkono wa kushoto, neno la Kiswahili mkono wa kulia. Kazi hiyo ni njema na haina budi kuendelea. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yako maandishi ambayo tafsiri yake huharibika si kwa sababu ya maneno yanayokosekana, bali kwa sababu ya maneno tuliyo nayo, tena ya kila siku, ambayo mfasiri huyaandika bila kuyatilia shaka.

Maandishi tutakayoyachunguza ni maagizo ya kulitayarisha gari ili likae bila kuendeshwa katika miezi ya baridi kali ya nchi za kaskazini. Huenda msomaji akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi tusiojua theluji ila ile ya kileleni Kilimanjaro? Jibu ni kwamba wasemaji wa Kiswahili hawaishi tena katika nchi za joto peke yake. Wapo wengi Kanada, Marekani ya kaskazini, Sweden na Norwe, wakiwamo Wakongo waliopewa makazi huko baada ya kukimbia vita. Watu hao wananunua magari, na wengine wao husomewa maagizo kwa Kiswahili kuliko lugha nyingine yoyote. Zaidi ya hayo, maagizo ya namna hii ni kipimo kizuri cha lugha. Hayana mapambo ya kuficha udhaifu, na kosa lake huonekana kwa macho: injini hupasuka, au mtu hufa.

Sentensi za mifano zilizomo humu zimetungwa kwa ajili ya makala haya. Hazikutolewa katika kitabu cha mtu yeyote. Lakini yeyote aliyepata kusahihisha tafsiri za aina hii atazitambua.

KAZI YENYEWE

Kwanza yafaa tuijue kazi inayoelezwa, maana mfasiri asiyeijua kazi hufasiri maneno tu. Katika nchi hizo barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo, ikichanganyika na maji, hula chuma cha gari haraka. Kwa hiyo mwenye gari la zamani, gari la wazi au gari la pili huliondoa barabarani yapata Novemba, akalirudisha yapata Aprili. Desturi hiyo imeingia hata katika sheria. Ujerumani, tangu mwaka 1997, mtu anaweza kupata namba ya gari inayoonyesha miezi ambayo gari hilo laruhusiwa kuwa barabarani. Katika jimbo la Québec, Kanada, sheria imewalazimisha wenye magari tangu mwaka 2008 kufunga matairi ya theluji katika miezi ya baridi. Asiyetaka gharama hiyo kwa gari lake la pili huona heri aliache ndani.

Hatua za matayarisho si nyingi. Gari huoshwa hata chini ya bodi, kisha hukaushwa. Tangi hujazwa petroli, na petroli hiyo hutiwa dawa ya kuitunza. Oili ya injini hubadilishwa. Umajimaji wa kupoza injini hupimwa kama waweza kuhimili baridi. Betri huchajiwa, kisha hufunguliwa waya. Matairi huongezwa upepo. Breki ya mkono huachwa wazi, na magurudumu hutiwa kabari. Bomba la moshi huzibwa ili panya wasiingie, na kizibo hicho huandikiwa ukumbusho kwenye usukani kisisahauliwe. Mwisho gari hufunikwa kwa turubai la kitambaa kinachopitisha hewa.

Katika hatua zote hizo, hakuna kifaa hata kimoja ambacho fundi wa gereji ya Mwanza au Mombasa hana jina lake. Betri, plagi, kabureta, rejeta, tangi, breki, tairi, nati na spana zimekwisha kuwa Kiswahili zamani. Basi taabu iko wapi?

MAJIRA YALIYOPINDULIWA

Taabu ya kwanza hukaa katika neno la kwanza kabisa la maagizo. Tazama sentensi hii: "Litayarishe gari lako kabla ya kipupwe kuanza." Mfasiri ameifuata desturi ya madarasani, ambako majira manne ya Ulaya yamegawiwa majina manne ya kwetu: masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Ugawaji huo unapendeza kwenye ubao, lakini umebeba mtego. Kipupwe cha Afrika Mashariki ni miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati ambapo nchi za kaskazini zimo katika joto lake. Na Desemba hadi Februari, wao wanapoganda, sisi tumo katika kiangazi na kaskazi lavuma. Msomaji aliyekwenda Kanada juzi, akisoma "kabla ya kipupwe", ana haki ya kungoja mwezi wa Mei.

Ubaya hauishii kwenye miezi. Kipupwe ni baridi ya kuvaa sweta. Neno hilo halimwambii mtu kwamba maji yatakuwa jiwe ndani ya chuma. Watu wa nyanda za Kitulo, wilayani Makete, ambao huona sakitu juu ya majani katika Juni na Julai, wanakaribia kidogo kuelewa. Mtu wa Tanga hana pa kuanzia. Kwa maoni yetu, kipupwe kibaki na miezi yake ya kwetu. Katika maagizo ya nchi za kaskazini tuseme "majira ya baridi kali", na pale ambapo wakati ni jambo la lazima tutaje miezi yenyewe: "kabla ya mwisho wa Oktoba". Jina la mwezi halina utata.

JINA LA KAZI

Taabu ya pili ni jina la tendo lote. Wengi huandika "kuhifadhi gari". Neno si kosa, ila limechoka kwa kazi nyingi: tunahifadhi chakula, Kurani, siri, mazingira. "Hifadhi ya magari" humfanya msomaji afikirie Serengeti. Wengine huandika "kuegesha gari kwa muda mrefu", lakini kuegesha ni kwa saa au siku, tena gari likiwa tayari kuondoka.

Lugha nyingine zilifanya nini? Kifaransa cha Québec husema "remiser", kutokana na jina la banda la magari ya kukokotwa na farasi. Mjerumani husema "einmotten", kana kwamba gari ni koti la sufu linalotiwa dawa ya nondo kabatini. Kiingereza kimeazima usemi wa mabaharia wa kuondoa merikebu safarini. Kila lugha imekwenda katika ghala yake ya zamani ikatoa neno, halafu ikalipa kazi mpya. Hakuna iliyounda neno kutoka hewani.

Sisi nasi tunayo ghala. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walijua tangu kale kukiondoa chombo baharini kwa msimu. Kusi lilipopamba moto katikati ya mwaka, safari ndefu za majahazi baina ya Uarabuni na pwani yetu zilisimama. Chombo kilichopwelewa pwani kilitegemezwa kwa gadi, yaani nguzo fupi za kukizuia kisilale ubavu. Nyufa zake zilikalafatiwa, na chini kikapakwa deheni. Hayo ndiyo matayarisho ya kulaza chombo, na mantiki yake ni ileile ya gari: kukausha, kupaka, kutegemeza, kungoja majira yageuke.

Kwa hiyo twapendekeza "kulaza gari kwa msimu". Kitenzi "kulaza" kinajulikana na madereva wote. Basi hulala Dodoma, na mwenye lori hulipia mahali pa kulilaza. Likisimama peke yake neno hilo lina maana ya usiku mmoja, lakini nyongeza ya "kwa msimu" inaondoa shaka. Ni neno la watu, na halihitaji kufundishwa.

Neno "gadi" nalo linastahili kurudishwa kazini. Baadhi ya watu hupenda kuliinua gari ili matairi yasibebe uzito miezi mitano. Mfasiri asiyejua gadi huandika: "Weka gari juu ya mawe." Msomaji wa Afrika Mashariki aelewa nini? Gari lililo juu ya mawe ni gari lililokufa, limechomolewa magurudumu na kuku wanatagia ndani yake. Hata mtu mwenyewe, hasa katika lugha ya mitaani ya Kenya, akisema yuko juu ya mawe, maana yake amefilisika. Sentensi iliyokusudiwa kulitunza gari imegeuka kuwa tangazo la msiba. "Litegemeze gari kwa gadi nne" ni sentensi safi. Nasi tulitumie neno hilo katika ngeli ya I-ZI, gadi hii na gadi hizi, ili wingi wake usichanganywe na magadi ya kupikia.

MAFUTA

Sasa tuje kwenye neno lenye hatari kubwa zaidi kwa jinsi lilivyo la kawaida. Soma agizo hili: "Badilisha mafuta, kisha jaza mafuta na utie dawa ya mafuta." Kila neno ni Kiswahili sanifu, na sarufi haina kasoro. Lakini agizo halifai kitu, maana mafuta ya kwanza ni ya kulainisha injini, ya pili ni petroli, na ya tatu hayajulikani. Msomaji mwangalifu atakwama. Msomaji mwenye haraka atamimina dawa ya petroli kwenye tundu la oili.

Hapa sharti mfasiri ajue sababu za kila hatua. Oili huondolewa kabla ya kulaza gari, wala si baada ya kuliamsha, kwa kuwa oili iliyokwisha kutumika ina unyevu na asidi zitokanazo na kuungua kwa petroli, na vitu hivyo vikikaa miezi mitano hula vyuma vya ndani. Tangi hujazwa ili kusibaki nafasi ya hewa yenye unyevu. Dawa hutiwa kwa sababu petroli ikikaa huharibika na kuacha uchafu wenye kunata. Injini huungurumishwa dakika chache baada ya kutia dawa ili petroli iliyochanganywa ifike hadi kwenye kabureta au vinyunyizio. Mfasiri akijua hayo, hawezi tena kuandika neno moja kwa vitu viwili.

Wako wanaolikataa neno "oili" kwa hoja kwamba ni la kigeni na kwamba "mafuta ya injini" yatosha. Lakini "mafuta ya injini" hayaondoi utata. Petroli nayo ni mafuta ya injini, maana injini ndiyo inayoyanywa. Oili imekwisha kukubalika. Hata seremala asiye na gari anapaka oili chafu kwenye mbao kuzuia mchwa. Katika maagizo, basi, iwe oili kwa oili na petroli kwa petroli, na neno "mafuta" lisitumike peke yake hata mara moja. Kwa kuwa msomaji wa Bukavu au Lubumbashi amezoea "esansi", yafaa mfasiri aliandike neno hilo pamoja na "petroli" mahali pa kwanza linapotokea, kisha aendelee na moja.

Ama kuhusu kuharibika kwa petroli, tumeona pakiandikwa "petroli itaoza". Petroli haiozi; haina minyoo wala uvundo wa mzoga. Kitenzi kilicho karibu zaidi ni "kuchacha", kama chakula kilicholala kikabadilika ladha, na ile takataka inayobaki ina jina lake zuri, nalo ni "ulimbo". "Petroli iliyolala huchacha na kuacha ulimbo ndani ya kabureta": sentensi hii mtoto wa shule ataielewa, na fundi hataicheka.

MAJI NA KUGANDA

Katika nchi za joto dereva huita umajimaji ulio ndani ya rejeta "maji", na aghalabu huwa ni maji kweli. Injini ikichemka katikati ya safari, dereva huomba kidumu kijijini. Kwa hiyo mfasiri anapoandika "Hakikisha maji ya rejeta yamejaa", msomaji wake hufanya alivyofanya siku zote: hufungua bomba la nyumbani na kujaza.

Huko Winnipeg au Minneapolis tendo hilo laweza kuua injini. Maji yanapoganda kuwa barafu huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bloku ya chuma haina pa kukimbilia, hupasuka. Umajimaji unaotakiwa ni mchanganyiko wa maji na glaikoli, ambao ukiwa nusu kwa nusu huhimili hadi yapata nyuzi 37 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Tena si kweli kwamba glaikoli ikizidi ndiyo bora. Glaikoli tupu ya aina itumikayo sana huganda yapata nyuzi 13 chini ya sifuri, yaani mapema kuliko mchanganyiko. Jambo hili ni kinyume cha fikra ya kawaida, na kwa sababu hiyo haliwezi kuachwa kwenye neno moja. Linahitaji sentensi nzima na tarakimu.

Jina "maji" lina hatari nyingine. Glaikoli hiyo ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtu aliyeambiwa "mwaga maji ya zamani" atayamwaga uani, mahali ambapo mtoto au mbwa atayafikia. Gereji zetu za leo zimekwisha kupata neno "kulanti". Sisi twaliunga mkono. Liwe ndilo jina la mchanganyiko, na neno "maji" liwekwe kando kabisa katika sura inayohusu rejeta.

Vipi kuhusu dawa yenyewe ya kuzuia kuganda? Wengine wamependekeza "kizuia mgando". Kwa bahati mbaya, mgando una wenyewe. Maziwa ya mgando yako mezani, na dawa ya kuzuia mgando wa damu iko hospitali. Twaona ni salama zaidi kusema kwa urefu, "dawa ya kuzuia kulanti isigande", kuliko kuwa na neno fupi lililokwisha kuajiriwa na daktari.

Kitenzi "kuganda" chenyewe chahitaji uangalifu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, maziwa huganda yakichacha, damu huganda kidondani, na maji huganda yakawa barafu. Msomaji wa pwani akisikia "kuganda" hufikiri nazi: kitu hulainika tena kikiwekwa juani, na chupa haipasuki. Kwa hiyo tutofautishe. Maji "huganda kuwa barafu". Oili "huwa nzito". Dizeli, ambayo nta yake hujitenga katika baridi na kuziba kichujio, "huganda kama samli". Maneno machache ya ziada yanaokoa injini.

BETRI, BREKI NA UPEPO

Juu ya betri tutasema machache. Katika mazungumzo, betri iliyoisha chaji na betri iliyoharibika huitwa zote "betri iliyokufa". Katika baridi kali tofauti hiyo ni ya msingi. Betri iliyojaa chaji haigandi mpaka yapata nyuzi 60 chini ya sifuri; iliyoisha chaji yaweza kuganda kabla ya kufika nyuzi 10 chini ya sifuri, na gamba lake likapasuka. Kwa hiyo iliyoisha chaji iitwe hivyo, na neno "kufa" liachiwe ile isiyofufuka.

Katika kufungua waya, maneno "hasi" na "chanya" ya walimu wa hesabu yameshinda. Tunayakubali, kwa kuwa ni mafupi na hayana maana nyingine gerejini. Ila mfasiri aongeze alama iliyoandikwa juu ya betri: "fungua kwanza waya wa hasi (−)". Utaratibu huo ndio usalama wenyewe, kwani bodi ya gari imeunganishwa na hasi, na spana inayofungua chanya kwanza ikigusa bodi hutoa cheche.

Kwa upande wa breki, sentensi hii ni ya kustaajabisha: "Usifunge breki ya mkono, kwa maana baada ya miezi kadhaa breki zitashika." Breki kushika ndiyo sifa njema ya breki! Dereva hulalamika pale zisiposhika. Aliyekusudiwa kuonywa amepewa sababu ya kufunga breki. Iandikwe kwamba breki "zitang'ang'ania" kwa kutu, wala gurudumu halitazunguka. Badala ya breki hiyo magurudumu hutiwa kabari, neno la kale la wapasua magogo ambalo halihitaji mrithi.

Katika matairi, sisi watu wa istilahi ndio wenye kulaumiwa. Shule zimefundishwa "kanieneo", neno lililoundwa kwa uangalifu na lenye mahali pake katika somo la fizikia. Lakini agizo la "kuongeza kanieneo la hewa ndani ya tairi" litamsimamisha dereva ambaye maisha yake yote ameongeza upepo. Aambiwe: "Ongeza upepo kidogo kupita kawaida, bila kuvuka kipimo cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi." Mwanafunzi aandike kanieneo katika mtihani, hakuna ugomvi baina ya maneno hayo mawili, kila moja likikaa kwake.

HEWA UKAA

Tumeliweka mwisho neno ambalo kosa lake ni la uhai. Katika baridi watu hupenda kuwasha gari ndani ya banda huku milango imefungwa. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumwua mtu kabla hajajua kwamba anaumwa. Maagizo yote ya kulaza gari huonya juu yake, hasa pale injini inapoungurumishwa baada ya kutia dawa ya petroli.

Mfasiri mwenye haraka huandika: "Jihadhari na hewa ukaa." Kwa miaka mingi sasa neno hilo limetumika katika habari za mazingira: hewa ukaa inayoongeza joto la dunia, misitu inayofyonza hewa ukaa, biashara ya hewa ukaa. Msomaji atadhani anaombwa aitunze dunia. Atakubaliana na agizo hilo kwa moyo wote, na injini ataiacha ikiunguruma.

Basi jina la gesi liwe kaboni monoksidi, bila kufupishwa, na lifuatwe na maelezo ambayo msomaji wetu anayajua kwa uchungu: "Hii ni sumu ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa." Kitabu cha asili hakina sentensi hiyo, maana wasomaji wake hawakupikia mkaa. Wengine watasema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza. Sisi twasema kwamba mwandishi alikusudia kuonya, na tafsiri isiyoonya haijafasiri kitu.

MAPENDEKEZO

Yote yaliyotangulia yanatupeleka kwenye jambo moja. Orodha ya safu mbili hueleza jina la kitu, lakini haimwonyi mfasiri juu ya neno la jirani linaloweza kuingia badala yake. Twapendekeza kwamba istilahi za maagizo ya kazi zitolewe katika safu tatu: neno linalopendekezwa, sentensi moja ya kulitumia, na neno la kuepukwa pamoja na sababu yake. Kwa mfano:

1. Majira ya baridi kali. "Laza gari kabla ya majira ya baridi kali, yaani kabla ya mwisho wa Oktoba." Liepukwe: kipupwe, kwa kuwa ni Juni hadi Agosti.

2. Kulaza gari kwa msimu. "Gari hili limelazwa kwa msimu." Liepukwe: hifadhi ya gari, kwa wingi wa maana zake.

3. Gadi. "Litegemeze gari kwa gadi nne." Liepukwe: juu ya mawe, kwa kuwa humaanisha kuharibika au kufilisika.

4. Oili, petroli. "Badilisha oili, jaza petroli." Liepukwe: mafuta, likiwa peke yake.

5. Kulanti. "Pima kulanti kama yahimili nyuzi 37 chini ya sifuri." Liepukwe: maji ya rejeta, kwa kuwa huleta maji matupu na huficha sumu.

6. Kung'ang'ania. "Breki zitang'ang'ania kwa kutu." Liepukwe: kushika, kwa kuwa ni sifa njema ya breki.

7. Kaboni monoksidi. "Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kaboni monoksidi huua." Liepukwe: hewa ukaa, kwa kuwa ni neno la mazingira.

Utaratibu huu utachelewesha kazi. Orodha ya maneno mia moja itakuwa kijitabu, na kila sentensi itahitaji kusomwa na fundi kabla ya kupitishwa na kamati. Hatuoni njia ya mkato. Neno lililopitishwa na wanalugha peke yao ni nusu ya istilahi. Nusu nyingine hupatikana mtu akipewa sentensi na spana, kisha akatazamwa anafanya nini.

HITIMISHO

Tumechunguza maagizo ya kazi ndogo, ya nchi za mbali, inayofanywa mara moja kwa mwaka. Lakini mafuta, maji, kuganda na kushika ni maneno ya vitabu vyote vya mitambo, vya matrekta, vya pampu za visima na vya jenereta za hospitali. Mtumishi wa serikali anayeandika waraka juu ya utunzaji wa magari ya idara anakutana nayo, na mwalimu wa ufundi anakutana nayo kila siku. Waalimu hasa wanaweza kutusaidia. Mwanafunzi apewe agizo la Kiswahili, aambiwe aeleze kwa mikono yake, bila kusema, atakalofanya. Hapo itajulikana kama agizo ni zima.

Wasomaji wanaombwa kutuletea maneno yanayotumika katika gereji za mahali pao kwa ajili ya vitu tulivyovitaja, pamoja na sentensi walizozisikia. Mapendekezo saba yaliyotolewa hapa yako wazi kupingwa, na atakayekuwa na neno lililo bora kuliko "kulaza gari kwa msimu" atakuwa ameisaidia lugha kuliko mwandishi wa makala haya.